Kabla hujalipia simu ya nje au ya mkopo: masafa, kufuli na deni

Simu inaweza kuwa mpya, kioo chake hakina hata mkwaruzo, na bado isikufae. Mambo matatu ndiyo yanayoamua. La kwanza ni masafa: je, redio iliyo ndani ya simu inashika minara ya mahali unapoishi? La pili ni kufuli: je, kampuni iliyoiuza imeifunga ipokee laini zake tu? La tatu ni deni: je, kuna mtu bado anailipia? Muuzaji akikuambia "hii imefunguliwa" amejibu swali la pili peke yake, na mawili bado yananing'inia.

Mwongozo huu nimewaandikia watu wa aina mbili: anayeletewa simu na ndugu aliye Marekani, Ulaya au Ghuba, na anayechukua simu ya malipo ya kidogo kidogo hapa nyumbani. Ufuate kwa mpangilio wake, maana hatua ya kwanza ndiyo inayozifungulia njia nyingine zote.

Hatua ya 1: Dai namba ya modeli na IMEI kabla pesa haijatoka

Jina la simu halitoshi. Galaxy S23 Ultra iliyouzwa na kampuni ya simu ya Marekani ina namba SM-S918U, ile iliyouzwa Marekani bila kufungwa ni SM-S918U1, na ile ya masoko mengine mengi, yetu yakiwemo, ni SM-S918B. Zote zinafanana ukizitazama, na muuzaji wa mtandaoni ataweka picha ileile kwa zote. Kwenye Android namba hiyo iko ndani ya mipangilio, sehemu ya "About phone". Kwenye iPhone ingia "Settings", kisha "General", kisha "About", halafu gusa mstari wa "Model Number" mara moja. Namba itabadilika na kuanza na herufi A. Hiyo yenye A ndiyo unayoihitaji.

IMEI, yaani namba ya utambulisho ya simu yenyewe, unaipata kwa kubonyeza *#06#. Ni tarakimu 15, na simu ya laini mbili huwa nazo seti mbili. Zilinganishe na zilizobandikwa kwenye boksi. Kama simu iko mbali, usikubali picha tupu, kwa sababu picha inaweza kuwa ya simu nyingine. Mpigie muuzaji simu ya video, abonyeze *#06# ukiona kwa macho yako. Asiyetaka kufanya hivyo mwache na simu yake.

Hatua ya 2: Linganisha masafa

Hapa ndipo watu wengi hupita haraka, nami naomba utulie kidogo.

Minara na simu huzungumza kwa masafa ya redio yaliyogawanywa katika bendi zenye namba. Afrika Mashariki mtandao wa 2G uko kwenye megahezi 900 na 1800, wakati Marekani ulijengwa kwenye 850 na 1900. Mtandao wa 3G kwetu uko zaidi kwenye 2100, yaani bendi 1, na 900, yaani bendi 8. Kwenye 4G, bendi za kuziangalia kwanza ni 3 (megahezi 1800), 20 (megahezi 800) na 28 (megahezi 700). Safaricom ilipoanza 4G mwishoni mwa 2014 ilitumia 800 na 1800. Tanzania, Tigo, ambayo sasa inaitwa Yas, ilijenga 4G yake kwenye 800. Vodacom ilipata sehemu ya masafa ya 700 katika mnada wa 2018 wa TCRA, mamlaka ya mawasiliano ya Tanzania.

Kwa nini nasisitiza bendi 20 na 28? Mawimbi ya masafa ya chini husafiri mbali zaidi na hupenya kuta vizuri kuliko ya masafa ya juu. Kampuni ikitaka kufikisha 4G kijijini kwa minara michache, hutumia 700 au 800. Mjini, ambako minara imesongamana, huongeza 1800 na mengine ya juu ili watu wengi watumie kwa wakati mmoja. Kwa hiyo simu isiyo na bendi 20 wala 28 inaweza kukupa intaneti nzuri ukiwa Posta, Dar es Salaam, au katikati ya Nairobi, kisha ukienda nyumbani kwa wazazi ikabaki inahangaika kwenye 3G au 2G. Mwenye simu atailaumu kampuni ya mtandao, atabadilisha laini mara mbili tatu, na shida itabaki palepale kwa sababu iko ndani ya simu yenyewe. Hakuna fundi wala programu itakayoongeza bendi ambayo kiwanda hakikuiwekea vifaa vyake.

Marekani wana bendi zao: 12 na 13 kwenye 700, 71 kwenye 600, 2 kwenye 1900, 4 na 66. Bendi 12 na bendi 28 zote zinaitwa za 700, lakini zimepangwa tofauti na moja haifanyi kazi ya nyingine. Mtu akikuambia "hii ina 700, itashika tu", muulize ni bendi namba ngapi.

Sasa fanya hivi. Chukua namba ya modeli, iandike kwenye kurasa za sifa za simu za mtengenezaji au kwenye tovuti ya GSMArena, kisha tafuta orodha ya bendi za 4G za modeli hiyohiyo, herufi ya mwisho ikiwemo. Tafuta 1, 3, 8, 20 na 28. Zikiwepo zote, masafa hayatakusumbua. Ikikosekana 20 au 28, jiulize unaishi wapi na unatumia laini ya nani. Zikikosekana zote mbili, mimi singeinunua hata kwa bei ya kutupa. iPhone za miaka ya karibuni na Samsung za daraja la juu kwa kawaida zina bendi hizi hata zikitoka Marekani. Za kuogopa ni simu za bei nafuu zilizotengenezwa kwa ajili ya kampuni moja ya kule, maana nyingi huwekewa bendi za nyumbani kwao tu.

Kuhusu 5G nitasema machache. Vodacom Tanzania na Safaricom ziliizindua kwa wateja mwaka 2022. Angalia bendi zake, n78 na n41, na kama hazipo usihuzunike sana. 4G yenye bendi sahihi itakuhudumia vizuri popote utakapokwenda.

Hatua ya 3: Hakikisha kufuli limetolewa, na limetolewa na aliyeliweka

Simu iliyofungwa mtandao hukataa laini ya kampuni nyingine hata kama bendi zote zipo. Sheria hutofautiana kwa nchi. Kanada ililazimisha simu zote ziuzwe bila kufuli kuanzia tarehe 1 Desemba 2017. Uingereza ilipiga marufuku uuzaji wa simu zilizofungwa kuanzia Desemba 2021. Kwa hiyo simu iliyouzwa mpya Uingereza baada ya hapo haina wasiwasi huo, ingawa mtumba wa zamani zaidi unaweza kuwa nao.

Marekani ndiko kwenye kazi. Pale kampuni zinaruhusiwa kufunga, na kila moja ina masharti yake. T-Mobile imekuwa ikitaka simu iwe imetumika kwenye mtandao wake siku 40 na iwe imelipwa yote. AT&T imekuwa ikitaka siku 60 na malipo kamili. Masharti haya hubadilika, kwa hiyo ndugu yako ayasome kwenye tovuti ya kampuni yake siku anayonunua.

Jambo la kukumbuka ni kwamba simu iliyomaliziwa deni haifunguki yenyewe kila mara. Mara nyingi mwenye akaunti lazima aombe. Mambo haya yafanyike simu ikiwa bado Marekani, mkononi mwa aliyeinunua, kwa sababu ikishafika Mwanza au Mombasa wewe huna akaunti wala sauti mbele ya kampuni hiyo.

Kwa iPhone, rudi kwenye ukurasa wa "About" na usome mstari wa "Carrier Lock". Lazima uandikwe "No SIM restrictions". Maandishi mengine yoyote hapo yana maana kwamba kufuli bado lipo. Kwa Android, jaribio la kuaminika ni kuchomeka laini ya kampuni nyingine na kupiga simu.

Jihadhari na iPhone za chipu. Madukani utakuta iPhone iliyofungwa ikitumia chipu nyembamba inayowekwa pamoja na laini, maarufu kama R-SIM, ili kuudanganya mfumo. Inafanya kazi leo, kisha unasasisha simu au kubadilisha laini na mtandao unapotea. Bei yake iwe chini sana kuliko ya simu iliyofunguliwa, na uambiwe waziwazi kabla ya kulipa. Zaidi ya hapo, iPhone za Marekani kuanzia toleo la 14 la mwaka 2022 hazina kabisa tundu la laini. Zinatumia eSIM tu, yaani laini iliyo ndani ya simu yenyewe bila kadi. Ikiwa imefungwa, hiyo chipu haina pa kukaa, na ulichonunua kitakuwa kifaa cha Wi-Fi.

Suala la eSIM limesogea hadi kwa majirani zetu wa Ghuba. iPhone 17 zinazouzwa Oman, Falme za Kiarabu, Saudia, Qatar, Kuwait na Bahrain nazo hazina tundu la laini. Wanaoagiza simu Dubai na Muscat walijue hili mapema. Halina ubaya kama kampuni yako inatoa eSIM, na kubwa za hapa, kama Safaricom na Vodacom Tanzania, zinatoa. Utaenda dukani na kitambulisho, laini yako ihamishwe. Tatizo linakuja kwa anayependa kuhamisha laini kutoka simu hadi simu kila betri inapoisha, au anayeishi mbali na duka la kampuni. Huyo atafute yenye tundu.

Samsung nazo zina kufuli la aina nyingine: la eneo. Kwenye boksi kunakuwa na kibandiko kinachosema simu itumike kwanza na laini ya eneo fulani, mathalani Ulaya au Mashariki ya Kati. Hufunguka baada ya kupiga simu kwa laini ya eneo hilo kwa jumla ya dakika 5 au zaidi. Anayekuletea simu kutoka huko aweke laini yake, apige hizo dakika, kisha ndiyo aifunge kwenye begi. Ni kazi ndogo kwake, na kubwa mno kwako ukishaipokea.

Hatua ya 4: Ulizia deni la huko ilikotoka

Hili ndilo linalogombanisha ndugu. Mtu anaona tangazo la iPhone ya bure Marekani, anachukua, anaituma nyumbani kama zawadi, na miezi michache baadaye pande zote mbili zina uchungu.

Kwanza uelewe "bure" hiyo inavyofanya kazi. Tuseme simu ni dola 1,080. Kampuni inaigawa kwa miezi 36, yaani dola 30 kila mwezi, halafu kila mwezi inampunguzia mteja dola 30 kwenye bili yake ya huduma. Akibaki miezi yote 36, kweli hakulipia simu. Akihama mwezi wa 12, punguzo linakoma na dola 720 zilizobaki zinadaiwa. AT&T na Verizon wamezoea miezi 36; T-Mobile wamezoea 24. Katika muda wote huo simu kwa kawaida inabaki imefungwa, maana haijalipwa yote.

Kukodi ni jambo jingine. T-Mobile ilianzisha JUMP! On Demand mwaka 2015, mteja akikodi simu kwa miezi 18. Muda ukiisha anairudisha au analipa kiasi kilichobaki ili iwe yake. Sprint nayo iliendesha mipango ya kukodi kabla haijaunganishwa na T-Mobile. Aliyekodi hana simu ya kumpa mtu, kwa sababu simu ni mali ya kampuni. Vivyo hivyo kwa mipango ya kubadilisha mapema: Next Up ya AT&T ilijengwa kwa mteja kulipa ada ya ziada kila mwezi ili, akishalipa nusu ya bei, airudishe simu na kuchukua mpya. Simu ikiwa Arusha, atarudisha nini?

Mpango wa Apple wenyewe, iPhone Upgrade Program, ulioanza 2015, unaonyesha vizuri kwamba kufuli na deni ni vitu viwili. Simu hutolewa ikiwa wazi kwa laini yoyote tangu siku ya kwanza, lakini ina mkopo wa miezi 24. Ukiichunguza kwa macho ya fundi utasema ni safi, na bado kuna anayedaiwa.

Deni lisipolipwa, kampuni inaweza kuiweka IMEI kwenye orodha ya simu zilizozuiwa. Orodha za namna hiyo hupelekwa GSMA, chama cha kampuni za simu duniani, ambako kampuni za nchi nyingine zinaweza kuzisoma. Simu hiyo huenda ikashika mtandao Dar leo. Sitakushauri ujenge biashara yako ya WhatsApp juu ya "huenda".

Kwa hiyo mwombe ndugu yako, kwa upole lakini bila kuona haya, mambo mawili: picha ya ukurasa wa akaunti unaoonyesha salio la kifaa ni sifuri, na ujumbe wa kampuni unaothibitisha kwamba simu imefunguliwa. Kama bado anailipia, ni heshima zaidi kumwambia asubiri, au akununulie ya bei ndogo iliyolipwa taslimu.

Hatua ya 5: Pima simu ya mkopo ya hapa nyumbani

Safaricom kwa kushirikiana na Google ilianzisha Lipa Mdogo Mdogo mwaka 2020, malipo yakianzia shilingi 20 za Kenya kwa siku. M-KOPA, iliyoanzia kwenye umeme wa jua, na kampuni iitwayo Watu nazo hukopesha simu Kenya na Uganda, na mipango kama hiyo imeenea hadi Tanzania. Napenda walichofanya: mama lishe asiyeweza kutoa laki tatu kwa mkupuo anapata simu ya 4G leo na kupokea oda zake. Lakini bei ya mwisho lazima uihesabu mwenyewe, kwa maana tangazo litakutajia ya siku tu.

Chukua mfano. Simu ni 300,000 taslimu. Kwa mkopo unatoa kianzio 60,000, kisha 1,200 kwa siku, siku 365. Marejesho ya siku ni 438,000. Ukiongeza kianzio unafika 498,000. Umelipa 198,000 zaidi ya bei ya dukani, karibu theluthi mbili ya simu nyingine. Huenda inakufaa, kama simu hiyo itakuingizia zaidi ya 1,200 kila siku. Kama ni ya kuangalia video tu, cheza upatu na majirani, ukanunue taslimu.

Kufuli la mikopo hii liko kwenye programu ya ndani ya simu. Kwenye Samsung mara nyingi ni Knox Guard. Ukichelewa, skrini inajifunga na kubakiza njia ya kulipia na simu za dharura. Kufuta kila kitu na kuianza upya hakusaidii, kwa sababu simu ikiunganishwa na intaneti inaulizia hali yake na kujifunga tena. Fundi anayekuahidi kuliondoa kwa elfu ishirini anakuongezea tatizo la pili: umevunja mkataba na deni bado ni lako.

Kabla ya kuweka sahihi, uliza haya na upate majibu kwa maandishi. Jumla ninayolipa ni kiasi gani? Nikichelewa siku moja inatokea nini, na wiki mbili je? Nikimaliza mapema napunguziwa? Ikiibiwa au ikivunjika naendelea kulipa? Nikiirudisha, kianzio kinapotea? Taarifa zangu zinapelekwa kwenye ofisi za kumbukumbu za mikopo, kama CRB kwa walio Kenya? Na kufuli linatolewa siku ngapi baada ya malipo ya mwisho? Hifadhi ujumbe wa kila malipo mpaka utakapopewa uthibitisho kwamba umemaliza na simu imeachiwa.

Angalia pia kama laini nyingine zinakubali. Baadhi ya mipango inataka laini ya kampuni husika ibaki ndani ya simu.

Hatua ya 6: Ithibitishe IMEI kwa mamlaka ya nchi yako

Tanzania, tuma tarakimu 15 za IMEI kwenda 15090. Jibu litakuambia simu hiyo ni ya aina gani. Likitaja modeli tofauti na iliyo mkononi, ni bandia au imechezewa. TCRA ilizima simu bandia usiku wa tarehe 16 Juni 2016, na mfumo wa kuzifuatilia upo. Kenya, tuma kwenda 1555. Huko pia, kuanzia Januari 2025, wanaoingiza simu walitakiwa kuonyesha IMEI kwa ajili ya kodi, na msafiri kutangaza simu zake anapoingia, ila Mahakama Kuu ilibatilisha agizo hilo Julai 2025. Anayekuja na simu tatu za zawadi aulizie masharti yaliyopo kabla ya safari.

Kama safari yako ni ya kwenda Marekani

Simu nyingi za Tecno, Infinix na Itel tunazotumia hazina bendi za kule za kutosha. Isitoshe, AT&T, T-Mobile na Verizon wote walizima 3G mwaka 2022, kwa hiyo simu za sauti hupita kwenye 4G kwa njia iitwayo VoLTE, na AT&T huruhusu modeli zilizo kwenye orodha yake tu. Simu inaweza kuvuta intaneti vizuri na ikakataa kupiga. Kabla ya kuondoka, ingiza IMEI yako kwenye ukurasa wa kampuni unayotaka kujiunga nayo. Kila moja ina sehemu ya kupima. Usinunue simu mpya Kariakoo kwa ajili ya safari hiyo kabla ya kupima.

Siku ya kuipokea

Fanya haya ukiwa bado dukani, au mbele ya aliyeileta. Weka laini yako na upige simu, kisha zima Wi-Fi na ufungue ukurasa wowote kwa data. Kama ina sehemu mbili za laini, jaribu zote. Kwa iPhone, hakikisha mmiliki wa zamani ametoka kwenye iCloud na "Find My" imezimwa. Kwa Android, atoe akaunti yake ya Google. Halafu ifute kabisa, iwake upya, uiunganishe na intaneti na usubiri imalize hatua za mwanzo. Ikikuomba nywila ya mtu mwingine, ikisema inasimamiwa na kampuni, au ikitokea skrini ya mkopeshaji, irudishe papo hapo. Ikipita yote hayo, bonyeza *#06# mara ya mwisho, hakikisha tarakimu ni zilezile ulizotumiwa mwanzo na ndizo zilizoandikwa kwenye risiti, kisha lipa.